Anasaidiwa na kila mtu, lakini hana rafiki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi. Binti yangu wa kwanza ana miaka 15 na haoni kabisa tangu akiwa na miaka minne. Shule ya msingi alisoma penye kitengo cha wasioona na alikuwa na marafiki wengi. Sasa yuko kidato cha pili katika shule ya bweni ya kawaida mkoani Arusha, ambako wasioona ni wawili tu, yeye na mvulana mmoja wa kidato cha nne. Masomo yanaenda vizuri. Wenzake wanamchotea maji, wanamfulia, wanamshika mkono kwenda darasani. Lakini kila nikienda kumtembelea namkuta amekaa peke yake kibarazani, na mara ya mwisho aliniambia, “Mama, hapa wote ni wema, ila hakuna anayenitafuta.” Je, nimhamishe arudi kwa wasioona wenzake, au kuna la kufanya hapo alipo?

JIBU: Marahaba, mama. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama kwenye maneno ya binti yako, kwamba wote ni wema ila hakuna anayemtafuta. Msichana wa miaka 15 aliyeweza kulieleza tatizo lake kwa usahihi kiasi hicho ametupunguzia kazi sote wawili. Swali la kuhama nitalijibu mwishoni, kwa kuwa jibu lake linategemea mambo ambayo, kwa jinsi unavyoeleza, bado hayajajaribiwa shuleni kwake. Nikutoe wasiwasi mapema, hata hivyo, kwamba ningekuwa mimi nisingemhamisha muhula huu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumsema mgeni mvivu, lakini ina upande mwingine tusioutaja mara nyingi: mgeni ambaye hapewi jembe hata siku ya thelathini anabaki kuwa mgeni, hata kama analishwa vizuri kuliko wenyeji. Hiyo ndiyo hali ya binti yako. Yuko mwaka wa pili pale shuleni na bado anachotewa maji, anafuliwa, anaongozwa. Katika yote hayo hakuna hata jambo moja ambalo mwenzake anaweza kusema kwamba bila yeye lisingefanyika. Vijana wa umri huo hawafanyi urafiki kwa huruma. Wanaufanya kwa kazi walizoshika pamoja, siri walizotunziana, adhabu waliyotumikia pamoja, na zaidi ya yote kwa kudaiana: nimekuazima rula, utanielekeza Hesabu. Anayepokea tu hadaiwi kitu, na asiyedaiwa hatafutwi.

Kwa hiyo yote nitakayokushauri yanaelekea mahali pamoja, nako ni kupunguza msaada usio na kikomo na kuongeza mambo ambayo binti yako anawafanyia wenzake. Hilo haliji kwa kuwahubiria wanafunzi mstarini kuhusu upendo. Nimeshuhudia hotuba za namna hiyo, na matokeo yake ni kwamba kwa wiki nzima aliyesemewa hupewa sahani ya kwanza bwaloni, kisha kila mtu anarudi kwenye kundi lake.

Kwanza tuelewe kinachomfanya abaki nje. Mtoto anayeona hujifunza kuishi na watu bila kufundishwa na mtu, kwa kutazama tu: anaona wakubwa wanavyoingia katikati ya mazungumzo, anaona uso wa mwenzake ukibadilika utani unapozidi, anaona kundi linajongea upande wa kantini naye analifuata. Asiyeona hayapati hayo bure. Mtaalamu wa Marekani Phil Hatlen, alipoandika mwaka 1996 kuhusu maeneo manane ambayo mwanafunzi asiyeona anahitaji kufundishwa juu ya masomo ya kawaida, aliziweka stadi za kuhusiana na watu kuwa eneo linalojitegemea, sambamba na nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole, na kutembea kwa fimbo nyeupe. Katika shule zetu, hata palipo na mwalimu wa elimu maalumu, muda wake mwingi huishia kwenye kugeuza majaribio kuwa nukta nundu na kusoma majibu, na stadi hizi zinaachwa ziote zenyewe. Haziwezi kuota zenyewe.

Nikupe tukio moja. Wakati nikizungukia shule za sekondari kama mwalimu wa wasioona, nilikaa chakula cha mchana katika bwalo la shule moja ambayo sitaitaja. Msichana asiyeona alikuwa akimsimulia jirani yake kisa cha nyumbani kwao, kisa kirefu chenye bibi na mbuzi, na kweli kilichekesha. Katikati ya kisa mwalimu wa zamu alimwita yule jirani kwa ishara ya kidole. Jirani akanyanyuka taratibu, kwa adabu kabisa, akaenda. Msimulizi akaendelea na benchi tupu mpaka mwisho, akacheka, akangoja kicheko cha mwenzake. Kicheko kilichokuja kilitoka meza ya pili, na hakikuwa cha kisa. Kuanzia siku ile msichana yule alikula wa mwisho, bwalo likishatulia. Hapakuwa na mwovu pale. Palikosekana maneno mawili tu: “Naitwa, nakuja.”

Hapo ndipo pa kuanzia, na panahitaji dakika 20 za kipindi kimoja. Darasa lifundishwe adabu ya sauti. Anayemkaribia ataje jina lake, kwa sababu “mambo” ya korido yenye kelele haimwambii mtu ni nani anayemsalimu. Anayeondoka aage. Anayemsemesha katika kundi amtaje kwa jina kwanza, la sivyo hajui kama swali ni lake. Ule mchezo wa kumshika mabega na kumuuliza “nijue mimi nani” uachwe kabisa. Wanaoufanya hudhani ni ucheshi, lakini kwa anayefanyiwa ni mtihani wa kila saa asiouomba. Na wajue kwamba kumpungia mkono au kumtabasamulia kutoka ng’ambo ya uwanja hakumfikii. Mara ngapi nimeambiwa na wanafunzi kwamba fulani anaringa, haitikii salamu, na ukichunguza unakuta salamu yenyewe ilikuwa ya nyusi!

Wengine wananyamaza kwa hofu ya maneno. Wanaogopa kumwambia “umeona?” au “tutaonana jioni,” wakidhani watamuumiza. Binti yako mwenyewe, nina hakika, husema ameangalia tamthiliya na ameona nguo nzuri, maana ndivyo Kiswahili kinavyosemwa. Awaambie hivyo kwa kinywa chake. Kipindi hicho kisiongozwe na mwalimu peke yake wakati yeye ameketi kama kielelezo. Akiongoze yeye, mwalimu wa darasa akiwa pembeni, na aruhusu maswali ya kijinga. Yataulizwa: unaota ndoto, unajuaje noti ya elfu tano, unajuaje kama umevaa soksi zinazofanana. Maswali hayo yakishaulizwa hadharani na kujibiwa kwa mzaha, uzito mkubwa unaondoka. Ila asilazimishwe. Akikataa, mwalimu aongee na wachache anaowataja yeye.

Kuhusu kutembea, unaandika kwamba wenzake wanamshika mkono. Inapaswa kuwa kinyume chake: yeye ndiye amshike mwenzake, juu kidogo ya kiwiko, na atembee nusu hatua nyuma yake. Kwa mkao huo anauhisi mwili wa anayemwongoza ukipanda, ukishuka au ukigeuka kabla yeye hajafika mahali penyewe. Kwenye ngazi mwenzake anasimama kidogo, anasema “tunapanda,” basi. Faida yake si usalama peke yake. Anayevutwa kwa kiganja au kusukumwa mabegani hawezi kuzungumza, kwa kuwa akili yake yote iko miguuni. Anayeshika kiwiko anapiga soga njia nzima kutoka bwenini hadi darasani, na soga za njiani ndizo zinazozaa urafiki. Fimbo yake nayo isikae sandukuni. Wasichana wengi wa umri wake huificha kwa sababu inawatangaza, na nawaelewa, lakini asiye na fimbo hawezi kwenda kumtembelea mtu bweni la pili bila kuomba msindikizaji. Rafiki gani atakayetembelewa kwa kibali cha mtu wa tatu?

Sasa nifike kwenye jembe lenyewe.

Shule nyingi, zikitaka kufanya vizuri, hupanga zamu ya kumwongoza mwanafunzi asiyeona: Jumatatu fulani, Jumanne fulani. Mimi siipendi orodha hiyo. Kazi iliyobandikwa ukutani chini ya zamu ya kufagia choo inasomwa kama zamu ya kufagia choo, na hata yule ambaye angekuja mwenyewe kwa hiari sasa anangoja siku yake. Ninachokipendekeza ni mwalimu wa darasa kuunda vikundi vya watu wanne wanne kwa darasa zima, si kwa ajili yake tu, na kila kikundi kipewe kazi ya kweli kwa muhula mzima: bustani ya mboga, gazeti la ukutani, maandalizi ya mdahalo, kutunza maktaba. Ndani ya kikundi chake binti yako apewe sehemu ambayo akiiacha kazi inalala. Asipewe cheo cha heshima. Kuwa “mshauri wa kikundi” ni namna nyingine ya kukalishwa kibarazani.

Ziko kazi ambazo anazimudu kuliko wenzake. Umeme unapokatika usiku wakati wa kujisomea, darasa zima linasimama isipokuwa yeye, maana vidole havihitaji taa. Katika shule moja tulimtafutia msichana asiyeona hadithi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa nukta nundu, tukamwomba awe anawasomea wenzake giza linapoingia. Mara ya kwanza walimsikiliza watatu. Baada ya wiki kadhaa, umeme ukikatika, badala ya zile kelele tunazozijua sote, lilikuwa linaitwa jina lake kutoka kila pembe ya chumba, na asipokuwepo alifuatwa bwenini. Na alijifunza kukata hadithi pale inaponoga, akawaambia mengine kesho. Sijui mkakati wa ujumuishi uliowahi kunifurahisha kama ule.

Mchakamchaka wa alfajiri ni fursa nyingine inayopotezwa ovyo. Wasioona huambiwa wapumzike, eti wataanguka. Anaweza kukimbia akiwa ameshika ncha moja ya kitambaa kifupi na mwenzake ameshika ya pili, kama wanavyofanya wanariadha wasioona duniani kote, na kama ana sauti nzuri basi yeye ndiye aimbishe. Kundi zima la wakimbiaji linamwitikia mwimbishaji; hakuna mahali pengine shuleni ambapo mtoto mmoja anaitikiwa na watu wengi kiasi hicho kabla ya kunywa uji.

Michezo ya kukaa nayo isidharauliwe. Bao la kete, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa vidole tangu asili: kete zinahesabika kwa kugusa, na kinachohitajika ni mpinzani kutaja kwa sauti shimo analoanzia na mahali alipolala, yaani kete zake zilipoishia. Drafti yetu ya vizibo vya soda karibu imetengenezwa kwa ajili yake bila mtu kukusudia, kwa vile mmoja hulaza vizibo na mwingine huvifunua, tofauti ambayo kidole huitambua mara moja. Tatizo ni kwamba mkono unaopapasa husogeza vizibo. Fundi seremala akichonga vishimo vyepesi kwenye nyumba nyeusi za ubao, tatizo limekwisha. Huo ubao ununue wewe, mama, na uwe mali yake, ili anayetaka kucheza drafti amtafute mwenye ubao.

Kwa mchezo wa nguvu, mwombe mwalimu wa michezo aujaribu mpira wa kengele. Ulibuniwa mwaka 1946 na Hanns Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani, na unachezwa na watu watatu kila upande, wote wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, wakiviringisha mpira unaolia kuelekea goli la wenzao. Mpira rasmi una uzito wa kilo 1.25 na kengele ndani yake. Zamani walimu waliokosa mpira huo walikuwa wakiufunga mpira wa kawaida kwenye mfuko wa plastiki ili uchakarishe. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, tumerudi kwenye mpira wa matambara ulioshonewa kopo dogo lenye vizibo. Unalia vizuri tu. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba wanaoona, wakifungwa vitambaa, hufungwa magoli ya aibu na asiyeona, na kushindwa na mtu ni njia ya haraka ya kuacha kumwonea huruma.

Kadiri anavyozidi kuhesabiwa kuwa mwenzao, yatazuka manung’uniko ambayo wageni hawafanyiwi. Moja linalojirudia kila mwaka ni la muda wa mtihani. Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa asiyeona dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wenzake husema anapendelewa. Mwalimu asikemee, aeleze. Awape wenyewe karatasi ya nukta nundu, awaonyeshe kwamba kidole husoma herufi moja baada ya nyingine wakati jicho linameza mstari mzima, na kwamba kitabu kimoja cha kiada hugeuka majuzuu kadhaa mazito. Tena nanung’unika kidogo mwenyewe: shule zinazotoa muda huo kwenye mtihani wa taifa na kuunyima kwenye majaribio ya kila wiki ndizo zinazofanya ionekane ni upendeleo.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, mama, unisamehe. Kwa nini anafuliwa? Msichana wa miaka 15 asiyeona anafua, anaanika, anakunja na kupiga pasi akifundishwa. Hawezi kuliona doa, lakini anaweza kujua kwamba kola, makwapa na pindo ndipo uchafu unapokaa, akapasugua mara mbili kila anapofua, kisha akamwomba mwenzake atupie jicho. Nguo anazitambua kwa alama ya kushonea kwa ndani: kifungo kimoja kwa sketi ya shule, viwili kwa ya michezo. Likizo ijayo tengeni siku kadhaa kwa kazi hiyo nyumbani, na kwenye kuchota maji pia, ndoo yenye mfuniko na njia aliyoizoea. Sisemi asisaidiwe kamwe. Lakini pale asipoweza kukwepa msaada, ulipwe: anayemsomea ubaoni aelezwe Historia jioni, maana watoto wa namna hii, kwa kuwa wameishi kwa kusikiliza, huwa na kumbukumbu ambayo darasa zima lingeihitaji.

Yapo pia mambo madogo ya mwili ambayo wenzake hawatamwambia, na wewe ndiye unayeweza. Je, anamgeuzia uso anayezungumza naye, au anamtegea sikio? Je, anajitikisa mbele na nyuma akiwa amekaa, au kubonyeza macho kwa vidole? Mazoea haya ni ya kawaida kwa watoto wasioona. Mwili unatafuta hisia ambayo macho hayaleti, wala hayana uhusiano wowote na akili. Wanaoona, hata hivyo, huyaogopa na kukaa mbali. Usimkaripie mbele za watu. Kubalianeni ishara, kama kumgusa kifundo cha mkono mara moja, na amfundishe ishara hiyo mtu mmoja shuleni anayemwamini.

Kula ni jambo jingine linalowatenga wengi kimyakimya. Vitabu vya nje hufundisha kumweleza asiyeona sahani kana kwamba ni uso wa saa: nyama iko saa tatu, mboga saa sita. Sisi njia hiyo inatuchanganya, kwa sababu saa tatu yetu mshale uko kwenye 9, na binti yako aliyepoteza macho akiwa na miaka minne huenda hana kabisa picha ya saa ya mishale kichwani. Kiswahili cha kawaida kinatosha: ugali uko karibu na kifua chako, maharage mkono wa kulia, mboga mbele. Nusu dakika, kwa sauti ya chini, na anakula bila kupapasa.

Niwageukie kwa ufupi wasomaji wenye watoto wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino, kwa sababu upweke wao mara nyingi ni mkali zaidi kuliko wa asiyeona kabisa. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu uoni hafifu pale jicho zuri zaidi, hata kwa miwani, linaposhindwa kufikia 6/18, maana yake ni kwamba kile ambacho wengine wanakitambua kutoka mita 18, huyu hana budi kukisogelea hadi mita 6. Basi mtoto huyo jana aliudaka mpira karibu yake na leo hasomi ubao, na darasa linahitimisha kwamba anadanganya. Mwenye ualbino ana jingine: macho yake huchezacheza, naye huinamisha kichwa upande mmoja kutafuta pembe ambayo yanatulia, na wenzake hudhani anawadharau. Haya yaelezwe darasani wazi, aruhusiwe kofia hata kama sare inaikataza, na mafuta ya kukinga jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hapo hospitali ya KCMC Moshi yahesabiwe kuwa sehemu ya vifaa vya shule kama daftari. Mtoto anayekimbilia kivulini kila mapumziko kwa sababu ya jua hatapata rafiki uwanjani.

Upweke ni kitu kimoja na kuonewa ni kingine. Ukisikia vitu vyake vinahamishwa makusudi, chakula chake kinapunguzwa, fimbo inafichwa, au mtu yeyote, mwanafunzi ama mfanyakazi, anamshika kwa namna inayomfanya asite kukusimulia, usingoje vikundi wala kipindi cha darasa. Nenda kwa matroni na mkuu wa shule siku hiyohiyo, na lisipotatuliwa nenda ustawi wa jamii.

Sasa kuhusu kuhama. Kwa ngazi ya sekondari wanafunzi wengi wasioona nchini husoma katika shule za mchanganyiko, yaani pamoja na wanaoona, kwa hiyo hata ukimhamisha, uwezekano mkubwa ni kwamba atakwenda kwenye shule ya aina hiyohiyo yenye wasioona wengi zaidi, naye ataanza ugeni upya akiwa amebakiza muda mfupi kufikia mtihani wa kidato cha nne. Ningemhamisha kwa sababu tatu tu: kama shule haina mwalimu anayejua nukta nundu, kama anaonewa na uongozi haujali, au kama yeye mwenyewe, baada ya muhula mmoja wa kujaribu haya kwa dhati, bado anataka kuondoka. Hii ya tatu nisingeibishia.

Lakini kuna jambo moja ambalo kubaki kwake kunalihitaji, nalo ni wasioona wenzake. Wapo wanaodhani kwamba mtoto aliyejumuishwa vizuri hana haja nao, ni kosa. Kuna mambo ambayo rafiki anayeona, hata awe mwema kiasi gani, hayajui, kama uchovu wa kubahatisha ni nani anacheka na kwa nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika Ibara ya 24 unazitaka nchi ziwawezeshe wanafunzi kujifunza nukta nundu na stadi za kutembea, na palepale unataja msaada na malezi ya wao kwa wao. Yule mvulana wa kidato cha nne wameshazungumza? Na wale marafiki wa shule ya msingi wako wapi? Likizo mtafutie simu yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, aweze kuwatumia na kupokea ujumbe wa sauti, na uliza Chama cha Wasioona Tanzania kuhusu wanachama wa mkoani kwenu, hasa mwanamke mtu mzima aliyesoma na kufanya kazi, ambaye binti yako anaweza kumwuliza maswali asiyoweza kukuuliza wewe.

Kabla ya Jumapili ya kutembelea wanafunzi, mpigie mwalimu wa darasa umwombe dakika 15, umweleze kuhusu vikundi, kipindi cha maswali na mchakamchaka. Usimpelekee vyote siku moja, chagua viwili. Kisha siku yenyewe usibebe chakula cha mtu mmoja. Pika ndizi nyama hotpoti kubwa ijae, na ukifika umkabidhi binti yako mwiko na sahani, wewe ukae pembeni. Mwambie aalike watu watatu anaowataka yeye, awaite kwa majina, awapakulie mwenyewe kwa mkono wake, hata kama mchuzi utamwagika kidogo kwenye nyasi. Kama majina matatu yatamshinda siku hiyo, mmoja anatosha kuanzia.